Wasifu wa Baba Usingoje Siku ya Mazishi

Hapana shaka nawe umewahi kusimama makaburini, jua la saa nane likiwa utosini na vumbi la Dodoma likikupanda miguuni, ukasikiliza karatasi moja ikisomwa kwa sauti. Karatasi hiyo waijua. Husema kwamba marehemu alizaliwa mwaka fulani katika kijiji fulani, akiwa mtoto wa tatu katika familia ya watoto saba. Kwamba alipata elimu yake ya msingi mahali fulani. Kwamba aliajiriwa, akapandishwa cheo, akastaafu. Kwamba alianza kuugua, akapelekwa hospitali, na madaktari wakajitahidi kadiri ya uwezo wao. Mwisho husema kwamba ameacha mjane, watoto sita na wajukuu kumi na mmoja. Kisha karatasi hukunjwa, ikatiwa mfukoni, na majembe yakaanza kazi yake.

Karatasi hiyo tumezoea kuiita wasifu wa marehemu. Dakika tano zatosha kuisoma. Mtu aliyeishi miaka sabini, akalima, akalea, akajenga, akakosea na kusamehewa, humalizwa kwa dakika tano. Nami siwalaumu waandishi wake. Wasifu huandikwa usiku, chini ya turubai, na watu ambao hawajalala tangu msiba ulipoingia. Mmoja wao hushika kalamu na kuuliza: "Mzee alizaliwa mwaka gani?" Hapo ndipo watoto hutazamana.

Ni juu ya kutazamana huko, ndugu msomaji, ndiko ninakopenda tuzungumze Jumapili hii.

KARATASI YA MWAKA 1986

Mimi nami niliwahi kuishika kalamu hiyo. Baba yangu alifariki mwaka 1986, tukamzika hapa hapa Ipagala. Siku hizo, ili kumjulia hali jirani, ilikupasa kukatiza mashamba ya uwele na mtama. Leo Ipagala ni kata ya Jiji la Dodoma, nyumba zimesogeleana hata jikoni kwa mwenzio wasikia sufuria ikifunikwa, na kijana aliyekulia hapa hudhani kwamba mambo yalikuwa hivi tangu mwanzo.

Kwa kuwa nilikuwa nimesoma kidogo kuliko ndugu zangu, wazee waliniambia niandike. Nikaandika kwamba baba alizaliwa Ugogo miaka michache baada ya Mtunya, maana ndivyo alivyozoea kusema mwenyewe. Kwa faida ya vijana wetu, Mtunya ni ile njaa kubwa ya mwaka 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamepita Ugogo katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, yakichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nayo ilipokosekana, nchi haikuwa na akiba yoyote iliyobaki. Wazee wetu hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa. Walihesabu umri wao kwa njaa zilizowapita, kama msafiri anavyohesabu vilima alivyokwisha kuvipanda.

Kisha nikaandika kwamba aliajiriwa katika reli hapa Dodoma, akawa fundi wa kutengeneza njia, akastaafu mwaka 1976, mwaka mmoja kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika. Nikaorodhesha watoto wake, nikahesabu wajukuu. Nikaona nimemaliza, tena nikajisifu moyoni kwamba nimeandika vizuri.

Nilipokwisha kuisoma karatasi yangu pale makaburini, mzee mmoja nisiyemjua, mwembamba, amejitanda shuka, aliinua fimbo yake juu.

"Mwanangu," akasema, "umesoma vizuri. Lakini umemwacha baba yako Kongwa."

Sikujua kwamba baba yangu alipata kufika Kongwa. Mzee yule alisimulia akiwa amesimama ukingoni mwa kaburi, na watu wote wakanyamaza. Mwaka 1947 Waingereza walipoanzisha mradi wao wa karanga, yeye na baba walikwenda kwa miguu kutafuta kibarua. Walikabidhiwa kung'oa visiki, na visiki vya Kongwa viliyashinda hata matrekta. Udongo wa kule, kiangazi kikiingia, hukauka ukawa mgumu kama sakafu ya saruji. Mashine zilivunjika, mvua zikawa haba, karanga zikakataa kuzaa kama wakubwa walivyopiga hesabu huko London. Na kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umeachwa, Serikali ya Uingereza ikiwa imepoteza mamilioni ya pauni.

Wakubwa walipanda magari yao wakaenda zao. Vibarua nao walirudi makwao. Ila baba hakutaka kurudi kijijini mikono mitupu. Pale Kongwa alikuwa amejifunza mambo mawili: kukaza nati kwa spana, na kusoma namba. Kwa elimu hiyo ndogo alishika njia ya kuja mjini Dodoma.

"Alilala stesheni siku tisa," mzee yule alisema, "ana blanketi moja, anangoja mtu wa kumpa kazi."

Siku tisa, ndugu msomaji! Katika wasifu wangu siku hizo zote zilikuwa zimekuwa neno moja: aliajiriwa.

Lakini lililonichoma zaidi lilikuja jioni. Nilimwendea dada yangu mkubwa, aliyekuwa akipepeta mtama nyuma ya nyumba, nikampa habari ya Kongwa kama mtu aletaye jambo geni. Hakuinua uso wake kutoka kwenye ungo.

"Najua," alisema. "Na blanketi lenyewe lilikuwa la kijivu."

Dada ndiye aliyemtunza baba tangu mama yetu alipotutoka. Ndiye aliyemwekea maji ya kuoga, akampakulia ugali na mlenda, akaketi naye karibu na moto mpaka usingizi ulipomchukua mzee. Aliyajua yote: jina la kijiji, idadi ya ng'ombe wa mahari, hata wimbo ambao baba alikuwa akiuimba wakati wa kung'oa visiki. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia usiku ule nilipokuwa nikiandika.

"Mlikuwa mmekaa wanaume watupu," alinijibu. "Nani aliniuliza?"

HATA MWENYE JINA KUBWA

Huenda ukaniambia kwamba hayo humpata mtu wa kawaida, fundi wa reli asiyejulikana nje ya mtaa wake. Na kwamba watu wenye majina makubwa huandikiwa habari zao na wengine, hata watoto wasipojishughulisha. La hasha. Nitakupa mfano wa Mgogo mmoja ambaye jina lake lilivuka bahari.

Hukwe Zawose alizaliwa katika mkoa wetu huu wa Dodoma. Mwaka gani? Wengine wameandika 1938, wengine 1940. Mtu aliyepiga muziki mbele ya halaiki za Ulaya na Marekani, ambaye santuri zake zimehifadhiwa na kusikilizwa na wageni wasiojua hata neno moja la Kigogo, hata yeye mwanzo wake una mwaka unaoyumba. Ndivyo ilivyo kwa baba zetu wengi. Mwisho wao twaujua kwa tarehe: Zawose alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Mwanzo wao twaukisia.

Alikulia kijijini kama mtoto yeyote wa Ugogo, nyuma ya ng'ombe. Uchungaji, kwa asiyeujua, ni kazi ya upweke na ya siku ndefu. Na upweke huo ndio uliowapa vijana wengi wa nchi hii sauti zao. Mchungaji huimba ili ng'ombe wamsikie, aimba pia ili ajisikie mwenyewe. Zawose alishika ilimba, yaani lile sanduku la mbao lenye vijiti vya chuma vinavyochezwa kwa vidole gumba, alishika zeze, na alikuwa na koo la ajabu, ambalo liliweza kuteremka chini kama ngurumo ya mbali, kisha likapaa juu hata ukadhani aimbaye sasa ni mtoto.

Nchi yetu ilipojitawala mwaka 1961, hali ya utamaduni wetu ilikuwa ya kusikitisha. Mtu aliyeelimika alijua kucheza dansi za Kizungu, na ngoma za babu yake akaziona haya. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ili kuiondoa aibu hiyo. Ni katika safari hiyo ya taifa kujitafuta ndipo kijana wa ng'ombe kutoka Ugogo alipoitwa: Mwalimu alimwalika Zawose kuja kuishi na kufanya kazi Dar es Salaam.

Tafadhali tulia hapo kidogo, ndugu msomaji, maana hapo ndipo wasifu hupenda kuruka. "Aliitwa Dar es Salaam" ni maneno manne kwa kuyahesabu. Lakini fikiri juu ya mtu aliyezoea nchi ya mibuyu na upeo mpana, asiyejua bahari, akishuka katika mji wa watu wengi na joto la pwani, chombo chake kikwapani. Amekuja kuifanya kuwa kazi ya mshahara ile iliyokuwa sehemu ya mavuno, ya unyago na ya mazungumzo ya jioni kijijini. Je, ilimstahili mwanamume kulisha watoto kwa kuimba? Wangapi kati ya baba zetu walikabiliwa na swali la namna hiyo walipoacha jembe na kushika spana, kalamu au usukani? Nao wakalijibu kwa miaka thelathini ya kuamka alfajiri.

Baadaye akahamia Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981, hicho kiitwacho leo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Mwaka 1984 alifika Uingereza na muziki wake, na tangu hapo jina lake likaanza kujulikana nje. Mwaka 1996 ilitoka santuri yake iitwayo Chibite, iliyochapishwa na kampuni ya mwanamuziki wa Kiingereza Peter Gabriel. Mwaka 2002 ikafuata Assembly, aliyoitengeneza pamoja na Michael Brook wa Kanada. Neno chibite ni la Kigogo, na maana yake ni twendeni. Wageni wakajifunza kulitamka. Hakubadili lugha ili aeleweke. Wao ndio waliotega masikio.

KOLEO NA UHUNZI

Hayo ni ya kazi. Lakini safu hii ni ya familia, na swali letu ni moja: baba wa namna hiyo, akiondoka, nyumbani kunabaki nini?

Wahenga walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nyumba ya Zawose huko Bagamoyo iliipima methali hiyo kwa mtihani mkali. Mpwa wake Charles Zawose, aliyekuwa akipiga naye muziki bega kwa bega na kusafiri naye, ambaye kila mtu alidhani ndiye atakayeshika usukani, naye alifariki mwaka 2004. Baba amekwenda, na aliyetarajiwa kuchukua nafasi yake amekwenda. Familia nyingi zimesambaratika kwa msiba mwepesi kuliko huo.

Familia hiyo haikusambaratika, na sababu yake ni ya kufikiriwa na kila mzazi. Muziki haukuwa umefungiwa sandukuni mpaka siku ya kurithiwa. Jamaa za Zawose waliimba naye, wakacheza naye, wakapiga ngoma pamoja naye. Kazi ya baba ilikuwa pia maisha ya uani. Mwanawe Msafiri Zawose akaendelea kwa njia yake mwenyewe, akiuchanganya muziki wa Kigogo na vyombo vya kisasa. Mwaka 2017 akatoa santuri iitwayo Uhamiaji.

Lakini liko la kushangaza zaidi. Kwa mila za Ugogo, ilimba na zeze vilikuwa mikononi mwa wanaume. Wanawake walikuwa na ngoma yao ya muheme, ambayo huishika kati ya mapaja na kuipiga kwa ustadi ambao mwanamume hathubutu kushindana nao. Na walikuwa na kuimba, kuitikia na kucheza. Katika makundi ya jamaa ya Zawose wanawake walikuwapo siku zote, ila walisimama nyuma. Aliyepanda jukwaani na kuijaza picha alikuwa mwanamume.

Mwaka 2024, zaidi ya miaka ishirini tangu mzee kuzikwa, ilitoka santuri iitwayo Maisha. Waimbaji wake wakuu ni Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah Zawose, mjukuu wake. Kampuni iliyoichapisha ni ile ile iliyochapisha Chibite mwaka 1996. Binti na mjukuu walisogea mbele, wakashika vyombo na wakashika wimbo. Ukisikiliza, utatambua kwamba hawakuanza kujifunza jana. Yote yalikuwa mikononi mwao na kooni mwao miaka yote ile waliyosimama nyuma wakiitikia.

Nilipoyasikia hayo nilimkumbuka dada yangu na ungo wake wa mtama. "Nani aliniuliza?"

KATIKA NYUMBA ZETU

Ndugu msomaji, hebu turudi hapa Ipagala. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo mwaka 2016, na mji wetu ukatangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, kiwanja ambacho baba alikipata kwa bei ya mbuzi kimekuwa mali ya kugombaniwa. Mzee akifa leo, matanga hayajavunjwa, watoto wa kiume wameanza kupima kwa hatua kutoka mwarobaini hadi barabarani. Binti, aliyemwosha mzee na kumlisha uji mwaka mzima wa ugonjwa, hupewa godoro, sufuria na pole.

Kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimweka binti katika daraja la mwisho la warithi, nyuma ya ndugu zake wote wa kiume. Lakini Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imesema wazi kwamba mwanamke anayo haki ya kupata ardhi, kuimiliki na kuitumia sawasawa na mwanamume. Sheria yaweza kumrudishia binti ardhi yake, akiwa na moyo wa kwenda kuidai. Hakuna mahakama iwezayo kumrudishia mtu yeyote yale masimulizi ambayo hayakuulizwa. Hayo yakizikwa, yamezikwa.

Ndiyo maana nasema kwamba kumbukumbu ya baba nayo ni urithi, tena ni urithi usiopungua kwa kugawanywa. Kiwanja kikigawanywa kwa watoto sita, kila mmoja hupata kipande cha kujengea choo. Habari ya siku tisa za stesheni ikigawanywa kwa wajukuu kumi na mmoja, kila mmoja hupata siku zote tisa. Mjukuu anayetafuta kazi mwaka huu, aliyekwisha kupeleka barua katika ofisi hamsini bila jibu, anazihitaji siku hizo kuliko anavyohitaji kipande cha ardhi. Zitamwambia kwamba katika ukoo wake mtu aliwahi kulala chini, akingoja, na hakukata tamaa.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja leo. Kama baba yako yu hai, usingoje turubai. Mchana huu, baada ya chakula, chukua daftari. Au kama ana haya ya kuona kalamu, washa simu yako irekodi na uiweke pembeni. Usimwulize juu ya maisha yake kwa jumla, maana swali kubwa mno humziba mtu kinywa. Mwulize mambo madogo. Usiku wa kwanza ulipofika mjini ulilala wapi, baba? Nani alikupa kazi ya kwanza, na mshahara wa kwanza uliununulia nini? Viatu vyako vya kwanza ulivivaa ukiwa na umri gani? Mahari ya mama ilikuwa ng'ombe wangapi, na nani alikukopesha waliopungua? Kitu gani ulikitaka sana maishani hukukipata?

Swali hilo la mwisho usiliruke. Wasifu wetu wa makaburini hujaa vyeo na hauna hata kosa moja, kana kwamba tumezaliwa na malaika. Mtoto hajengwi na baba asiyewahi kushindwa. Hushangaa tu kwa nini yeye hafanani naye. Mradi wa Kongwa ulishindwa mbele ya dunia nzima, lakini katika ung'oaji wa visiki vyake baba yangu alijifunza kusoma namba. Kama angeona haya kuusimulia ushindwe huo, nasi tusingejua tulikotoka.

Na unapomketisha baba, waite na dada zako. Usiwaite walete chai, waite waketi. Utakuta mara kwa mara kwamba baba akisahau jambo, wao hulikumbuka. Mama naye asiachwe jikoni, kwa sababu nusu ya maisha ya baba yamo kinywani mwake, na nusu hiyo huenda ndiyo iliyo ya kweli zaidi.

Nanyi akina baba msomao ukurasa huu, msingoje kuombwa. Wengi wetu tumelelewa tukidhani kwamba mwanamume hasimulii taabu zake kwa watoto, asije akadharauliwa. Nimeishi kiasi cha kutosha kukuhakikishia kinyume chake. Mtoto humdharau baba asiyemjua. Mchukue mwanao, mchukue na binti yako, waonyeshe stesheni au shamba au lango la kiwanda ulikoanzia. Kama una ufundi wa mkono, washikishe chombo ungali na nguvu ya kusahihisha makosa yao. Usichague mrithi mmoja ukawasimamisha wengine nyuma, kwa maana hujui ni nani kati yao ataimba ukishaondoka.

Nimalizie kwa kukwambia habari ya daftari langu. Nilikosea mwaka 1986, lakini dada yangu yu hai. Amekuwa mzee sasa, macho yamepungua nguvu, lakini kumbukumbu yake ni ile ile. Kila Jumapili jioni huenda kwake na daftari, naye husimulia, nami huandika. Akiona naandika haraka mno hunigonga mkono niongeze utulivu. Tumefika kurasa tisini.

Wiki mbili zilizopita nilimwuliza: baada ya siku zile tisa, ilikuwaje? Alicheka, akaniambia kwamba asubuhi ya siku ya kumi nyapara mmoja alikuwa akitafuta behewa kati ya mabehewa mengi, naye hakuwa na miwani yake. Baba aliinuka kutoka kwenye blanketi la kijivu, akaenda ubavuni mwa behewa moja baada ya jingine, akisoma namba kwa sauti mpaka akaifikia iliyotakiwa. Nyapara akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni. Akamwuliza jina lake.

Hivyo ndivyo baba yangu alivyoajiriwa.

Jumapili njema, ndugu msomaji, na daftari lisikosekane mezani.